Kadi Iliyokwanguliwa Jina

Mtu wa kwanza kuweka kompyuta dukani katika mtaa wetu, hapa Likasi, ni mimi. Naliandika hili mapema watu wasije wakasema lingine. Wenye diploma za Lubumbashi walikuja baadaye, na vioo vyao vipana na vibao vya rangi mlangoni, lakini walikuta njia imeshakanyagwa, na aliyeikanyaga aliacha shule darasa la nne akaenda kuchomelea vyuma kiwandani. Kiwanda kilipoanza kulipa watu kwa maneno matupu, wengine walikaa uani wakingoja king'ora kilie. Mimi sikungoja. Nilianza na mashine ya kuandika iliyokosa herufi moja, nikapanda kwenye fotokopi, nikafika kwenye kompyuta. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kukasirika.

Na kati ya hasira zote nilizopata duniani, pamoja na za serikali, hakuna iliyofikia ile ya kadi ya picha.

Nieleze kidogo, maana siku hizi watu wananunua kompyuta kama mtu anavyonunua mkate. Ndani ya kompyuta za wakati ule kulikuwa na kadi, bamba la kijani lenye vidude vyeusi, na kazi yake ilikuwa kupeleka picha kwenye kioo. Sasa kadi peke yake ni bubu. Inataka programu yake ndogo ndani ya disketi, wenyewe wanaiita pilote, ya kuifundisha kompyuta namna ya kuongea nayo. Kila kadi ina pilote yake. Ukiiwekea ya jirani, kioo kinaingia giza. Windows yetu nayo ilikuwa ya zamani, ilishazeeka huko ilikotoka kabla ya kufika kwetu kupitia Zambia katikati ya magunia ya unga. Haikujua kutafuta kitu chochote yenyewe. Ilikuuliza wewe, kwa Kifaransa, na ukijibu vibaya inakuadhibu.

Kadi ya kwanza iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu kama mlevi anayepiga mlango. Umeme wetu unatoka bwawa la Koni, hapo tu, kwenye maji ya mto Lufira. Mtu angefikiri wanaokaa karibu na kisima ndio wanaokunywa maji safi. Basi. Fundi mmoja wa redio pale sokoni akaniuzia kadi nyingine, akaiweka mwenyewe, akaniachia na katoni ya disketi za pilote, za kila aina, zimechanganyikana kama maharage ya msaada.

Na kwenye kile kidude kikubwa cheusi katikati ya kadi, mahali panapoandikwa jina lake, alikuwa amekwangua kwa wembe.

Hakunifanyia mimi peke yangu. Mafundi wetu wote walifanya hivyo. Fundi akiweka kipande katika redio yako, anakikwangua namba, usije ukaenda kukinunua kwingine, na fundi mwenziwe akifungua asijue siri. Ni kama mama anayeuza samaki wakavu: atakuambia watamu, hatakuambia anawatoa ziwa gani. Mimi sikusema kitu, kwa sababu mashine iliwaka. Iliwaka na rangi kumi na sita tu, lakini barua za kuomba kazi hazina haja ya rangi. Barua za kuomba kazi ndizo niliziandika asubuhi mpaka jioni miaka ile, na kazi zenyewe hazikuwepo.

Ndipo akaja mama mmoja.

Alikuwa jirani, nyumba ya pili kutoka kwangu. Mume wake tulikuwa naye kiwandani, yeye upande wa mikanda inayobeba mawe, mimi upande wa moto. Alipokufa, ndugu zake wakaja baada ya maziko wakabeba. Walibeba kabati, walibeba kitanda, walibeba redio, na yule kaka yake mkubwa, mtu mnene mwenye sauti ya kuhubiri, akatoa ukutani picha zote na fremu zake. Mjane alibaki na watoto, na kuta zenye misumari.

Jumatatu moja alikuja dukani, akafungua pindo la kitambaa chake cheusi, akaniwekea mezani kipicha kidogo kama ukucha wa kidole gumba cha mguu. Kilikuwa cha kadi ya kazi. Alikikuta ndani ya mfuko wa aproni ya kiwandani, ambayo shemeji zake hawakuibeba kwa sababu ilinuka mafuta. Muhuri wa zambarau ulipita juu ya shavu na nusu ya mdomo.

"Baba," akasema, "nasikia ordinateur yako inarudishaka sura ya bantu."

"Inarudisha hata sura ya mababu, mama."

"Siku ya posho njo tunatosha kilio. Kiti yake itakuwa mu kiwanja. Shemeji alisema mbele ya bantu bote: weye utaweka nini pa kiti? Utaweka kofia?"

Asiye wa huku aelewe: siku ya posho ni Jumamosi. Siku ya kutosha kilio, yaani kukitoa, ni siku ya mwisho ya matanga: mjane anavua nguo nyeusi, na kabla hajavua, kiti cha marehemu kinawekwa uani na picha yake juu, watu wanapita kumsalimia mara ya mwisho. Kiti bila picha ni kiti cha mtu asiyejulikana. Na yule kaka mkubwa alikuwa ameshasema waziwazi kwamba atakuja na picha kubwa ya marehemu, ya rangi, ndani ya fremu, akamkute shemeji yake na kiti kitupu, watu wote waone nani mwenye marehemu na nani alikuwa mpangaji tu. Akishaonekana mwenye marehemu, nyumba nayo ingefuata. Mama yule hakulisema hilo. Hakuwa na haja.

"Lete," nikasema. "Iyo iko kazi ya saa moya."

Sikumdanganya. Nilikuwa na kile kimashine cha mkononi cha kuvuta picha, unakiburuta juu ya karatasi kama pasi. Nilikuwa na printa. Nilikuwa na programu ya picha, yenye kalamu na kifutio. Nilikiburuta kipicha mbele yake, kwa madaha, nikafungua programu. Ikaniandikia kwa Kifaransa kwamba inataka rangi mia mbili hamsini na sita. Nikabonyeza kwa nguvu. Ikaandika tena. Nikailazimisha kupitia programu nyingine isiyo na maringo, picha ikafunguka, na mume wa watu akatokea kama ukuta uliopigwa matope. Vipande vyeusi, vipande vyeupe. Muhuri na shavu vilikuwa kitu kimoja.

Mama akaangalia. Akainamisha kichwa huku na huku.

"Huyu nani?" akauliza.

Basi ikabidi niweke pilote.

Nikachukua disketi ya kwanza ndani ya katoni. Unafungua pale panapoitwa configuration, unachagua affichage, yaani mambo ya kioo, unashuka mpaka chini kabisa, unaiambia utaleta yako mwenyewe. Inaisoma disketi kwa kukoroma. Halafu inasema: weka disketi namba mbili ya Windows. Ninaweka. Sasa namba nne. Ninaweka. Sasa rudisha ile ya kwanza. Ninarudisha. Sasa namba mbili. Mama yangu! Nilikuwa nainama na kuinuka kama mtu anayetumikia misa ya askofu. Mwisho inasema imemaliza, inataka kuanza upya. Inaanza upya. Kioo kinatoa mistari ya kijani kama kitenge kilichonyeshewa mvua, halafu giza.

Hapo nilifanya nilivyofundishwa kiwandani. Mashine ikigoma, huigusi. Unakata umeme ukutani, unang'oa waya, unakaa nao mkononi ili mwingine asiuchomeke, unangoja mpaka chuma kipoe. Wengine wana desturi ya kubonyeza vitufe vitatu pamoja kwenye kibodi ili kompyuta ijiamshe bila kukatwa. Dukani kwangu nilikataza. Nilimwona mtu, rafiki yangu, akipoteza mkono katika mkanda kwa sababu mwenzake alisimamisha kwa kibonyezo tu, hakukata. Mimi sitaambiwa habari ya kibonyezo na mtu aliyezaliwa juzi.

Kwa hiyo nilikata, nikakaa na waya mkononi. Mke wangu akapita na ndoo.

"Eh, papa ya batoto, unachunga mbuzi?"

"Nangoya ipoe."

"Ipoe? Ni uji?"

Nikawasha tena, nikaingia kwenye kile kioo cheusi cha maandishi, nikarudisha rangi kumi na sita, nikachukua disketi ya pili. Namba mbili, namba nne, rudisha, namba mbili. Giza. Kata, ng'oa, ngoja. Disketi ya tatu ilikubali vizuri sana, ikanipa mpaka wimbo wa kukaribisha, halafu picha yote ikawa imejikunja upande mmoja wa kioo kama shuka. Nyingine haikusomeka kabisa. Jumatano jioni mke wangu alikuwa ameacha kutania, na hiyo kwa mke wangu ni dalili ya hatari.

Alhamisi nikapanda lori kwenda Kambove kumtafuta yule fundi. Aliacha redio zamani, watu hawakuwa tena na redio za kutengenezwa, akaenda kuchimba mawe kama wengine. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa shimo, mweupe wa vumbi mpaka kope, anatafuna muhogo.

"Patron!" akapiga kelele kwa furaha. "Televizyo ilikufa?"

"Si televizyo. Ile kadi ya ordinateur. Ulikwangua jina."

"Njo nazikwanguaka zote, patron. Kazi muzuri."

"Sasa jina yake ni nani?"

Akatafuna. Akaangalia mbingu. "Ile ya mwanya, ao ile ya pembe kuvunjika?"

"Minye nitajua wapi? Weye njo uliniuzishia!"

"Patron, angalia. Kama ningekuwa nakamata majina yote mu kichwa, ningekuwa professeur. Singekuwa mu shimo." Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Mwambie aikwangue tena, pengine jina iko chini." Nilitaka kumsukuma humo shimoni, Mungu anisamehe, lakini fundi akanishika mkono.

"Usikasirike. Yenyewe inasemaka jina yake. Ukiiwasha tu, mbele ya maneno yote, juu kabisa ya kioo. Inasema mara moja, inanyamaza."

"Niko naiwasha kila siku. Haiyasema kitu."

"Inasema. Weye njo hausikie."

Nilirudi na hilo neno likinichoma njia nzima. Ijumaa asubuhi nikakaa mbele ya kioo, nikawasha, nikatoa macho. Kioo changu kilikuwa cha zamani, kizito kama jiwe la kusagia, na kilichelewa kuamka. Unawasha, kinakaa giza, kinavuta pumzi, ndipo taratibu maandishi yanatokea kama mtu anayetoka kwenye ukungu. Na maandishi yalipotokea, kompyuta ilikuwa imeshafika mbali, inahesabu kumbukumbu zake. Kama ilisema jina, ililisema gizani. Nikataka kuwasha kioo kwanza, kipate moto, ndipo niwashe kompyuta. Haikuwezekana. Waya wa kioo ulikuwa na mdomo wa pekee unaoingia mgongoni mwa kompyuta tu; wanalala pamoja, wanaamka pamoja. Nikakata, nikang'oa, nikangoja, nikawasha, nikatoa macho zaidi. Ukungu. Kata, ng'oa, ngoja. Nikamtukana fundi, nikalitukana shimo lake.

Mama akaja saa za mchana, akakaa kwenye kiti cha wateja. Hakuuliza. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku. Alikuwa ameshaazima viti, alisema, na mwanamke wa kwaya atapika. Halafu akawa anaangalia mikono yangu. Heri angenilaumu. Mtu akikaa hivyo dukani kwako bila kulaumu, jasho linatoka mgongoni.

"Mama," nikaanza, "ile kitu ya saa moya…"

Umeme ukakonyeza.

Haukukatika. Ulikonyeza tu, giza la kufumba jicho, taa ikatetemeka ikarudi. Nilikuwa tayari nimefungua kinywa kumtukana kila mtu kutoka hapa mpaka Koni. Kompyuta ilizimika, ikajiwasha yenyewe. Lakini kioo kilikuwa bado na moto wake. Na pale juu kabisa, mstari wa kwanza, mweupe, wazi kama jina la kituo cha treni, herufi tatu na namba ndefu.

"Mama, shika namba!" nikapiga kelele. "Minye nashika herufi! Weye namba!"

Akaruka kutoka kitini. Akaisoma kwa sauti mara moja, na mstari ukapotea. Nikazirudia herufi kama mwendawazimu, nikitafuta penseli, na yeye nyuma yangu anarudia ile namba polepole, bila woga, kwa sauti ya mtu anayetangaza wimbo kanisani. Alikuwa mwanakwaya. Wanakwaya wanakamata namba za nyimbo kutoka ubaoni wakiwa wamesimama mwisho kabisa. Hiyo moja ilikuwa nini kwake?

Wenye diploma wakifika hapa watacheka. Watasema, angebonyeza tu vitufe vitatu tangu Jumatatu, kioo kikiwa cha moto, jina angelisoma akiwa amekaa. Sawa. Wacheke. Wana mikono miwili kila mmoja. Dukani kwangu mashine iliyogoma inakatwa mpaka leo.

Tukamwaga katoni sakafuni. Disketi tuliyoitafuta ilikuwa na lebo iliyoliwa na mende, imebaki mwisho wa namba tu, na mama ndiye aliyeitambua kwa ule mwisho. Namba mbili. Namba nne. Rudisha. Namba nne ikakoroma, ikasema haisomeki. Nikaitoa, nikaipuliza, nikaibembeleza, nikaitisha. Ikasomeka. Nikachagua rangi mia mbili hamsini na sita. Ikaanza upya, na nilifumba macho, sioni haya kusema.

"Baba," mama akasema, "iko pale."

Nilifungua picha. Hakuna tena matope. Kijivu juu ya kijivu, kijivu chepesi, kijivu kizito, na katikati yake mtu niliyemjua, na masikio yake yaliyosimama. Muhuri sasa ulionekana peke yake, juu ya ngozi, kama kitu kinachoweza kuondolewa. Nikaanza kuufuta, kidoa kimoja kimoja. Shavu lilikuwa rahisi. Mdomo ulikuwa taabu, kwa sababu chini ya muhuri hapakuwa na mdomo, wino ulikuwa umeula. Nikataka kunakili upande wa pili na kuugeuza. Mimi ni fundi wa haraka.

"Hapana," akasema. Alikuwa amesogeza kiti. "Upande ule haukuwa sawa. Ulikuwa unashuka kidogo. Hapa. Hapana, sana. Rudisha kidogo."

Nikarudisha.

"Kama anataka kucheka na anajizuia. Ongeza pale kona."

Nikaongeza kidoa. Nikatoa kidoa. Mimi niliyeongoza watu kiwandani, nilikaa nikiambiwa na mwanamke aliyevaa nyeusi mahali pa kuweka nukta, na sikubisha hata mara moja. Mwisho akaweka mkono kinywani. Nikajua imekaa. Nikapiga printa kabla umeme haujabadili mawazo.

Kesho yake watu walijaa uani. Kiti kilikuwa karibu na mlango, na karatasi yangu juu yake, nimeibandika kwenye ubao niliousugua mwenyewe, na nikaupiga vanishi. Watu walipita wakimsalimia. Mmoja wa mikandani akasimama akasema, "Aya, muzee, unatucheka tena," na hapo nikaona umuhimu wa ile kona ya mdomo.

Kaka mkubwa alifika wakati kiti kilikuwa kimeshasalimiwa na karibu wote. Alibeba kitu kipana kimefungwa katika shuka, kwapani. Akaingia na salamu zake za kuhubiri, akafika mbele ya kiti, sauti ikaisha.

"Hii picha mulitosha wapi?"

"Ku kazi yake," mama akajibu.

Watoto walikuwa wamesimama pale pale, pande mbili za kiti. Hakuna aliyesogea kumpisha. Jamaa akageuka, akatafuta mahali, akakaa kwenye benchi na mzigo wake magotini, hakuufungua. Mama aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge cha maua ya manjano, na wanawake wakapiga vigelegele. Alichukua sahani, akaijaza bukari, ugali wetu, na samaki, akampelekea yeye kwanza, kama ilivyo heshima kwa mkubwa.

"Shemeji," akasema, "weka mzigo chini, ukule."

Hakuuweka. Alikula kwa mkono mmoja, na ule mwingine ukishika shuka.